Mwaka Tuliowahesabu Palahala

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake, mwalimu wa sekondari mwenye sauti nzuri, nasi tuliokuwa tumeketi chini ya turubai pale Didia tukausikiliza kwa utulivu ambao watu huupa uongo uliopangwa vizuri. Tulielezwa kwamba Bwana Nkwabi alikuwa baba mwema, mzee wa kanisa, na mtumishi ambaye katika mwaka mmoja tu wa kiangazi kikali aliwaongeza palahala wa pori lake mara tatu. Waombolezaji waliguna kwa heshima. Mama mmoja mbele yangu alimwuliza jirani yake palahala ni kitu gani, akajibiwa kwamba ni samaki. Sikumsahihisha. Kati ya watu wote waliokuwa pale, mimi peke yangu nilijua jinsi wanyama wale walivyoongezeka mara tatu bila kuzaa, kwa sababu karatasi iliyowaongeza ina saini mbili, na moja ni yangu.

Habari za wazazi wangu na za shule nilizosoma siziandiki hapa. Hazielezi lolote juu ya mwaka ule, na sipendi kumbukumbu zinazotafuta kisingizio cha uoga wa mtu katika malezi yake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina shahada mpya ya usimamizi wa wanyamapori na darubini niliyopewa zawadi, nikapelekwa kwenye kituo kilichokuwa ukingoni mwa pori moja la akiba, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka Masumbwe wakati wa kiangazi, na mwendo usiowezekana wakati wa masika. Jina la pori silitaji. Pori lenyewe halikumkosea mtu. Kituo kilikuwa na nyumba nne za bati na chumba kimoja kirefu ambacho asubuhi kiliitwa ofisi, mchana bwalo, na Jumapili kanisa. Ukutani palikuwa na ramani iliyoliwa na mchwa upande wote wa magharibi, hivi kwamba robo ya eneo tulilokuwa tukilinda ilikuwa imekwisha kupotea kabla jangili yeyote hajaigusa. Juu ya mlango kilining'inia kichwa cha pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, kilichokaushwa, chenye jicho moja la kioo. La pili lilikuwa limeanguka, na kwenye tundu lake mtu alikuwa amechomeka kizibo cha soda. Bwana Nkwabi, mkuu wa kituo, aliketi chini ya kichwa hicho akila, akiandika, na akihubiri, na kwa muda wote niliokaa pale hakuona kama kilikuwa na kasoro.

Mpishi wetu aliitwa Mama Limi, mwanamke mnene mwenye macho makali, aliyetulisha ugali wa mtama kwa nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na siku za neema akatupikia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Yeye ndiye aliyenipa jina la Digrii, siku yangu ya pili, nilipomweleza kwamba mwili wa mtu mzima hauhitaji ugali mara mbili kwa siku. Aliwageukia wafuata nyayo watatu waliokuwa wakinawa mikono, akawaambia kwa Kisukuma jambo lililowachekesha mpaka mmoja wao akamwaga maji. Tangu siku hiyo sikuitwa tena kwa jina langu. Nilijifariji kwa kuwadharau. Nilikuwa na dharau nyingi wakati ule, na nilizigawa bila ubahili: kwa Mama Limi kwa kuwa hakusoma, kwa Nkwabi kwa kuwa alisoma kidogo, kwa wafuata nyayo kwa kuwa walimjua mnyama bila kujua jina lake la kitaalamu. Miaka ishirini na moja baadaye dharau hizo bado ninazo. Zimebadilisha tu anwani.

Niliyoyajua niliyajua kutoka vitabu vya nchi za baridi. Chuoni tulisoma jinsi kulungu wa huko wanavyokufa kwa maelfu theluji inapofunika majani, jinsi mbwa mwitu wanavyowamaliza walio dhaifu, na jinsi mwindaji mwenye leseni, akielekezwa na mtaalamu, anavyochukua wale tu ambao majira na meno yangewachukua hata hivyo. Mhadhiri wetu alituagiza tuweke kiangazi kila palipoandikwa majira ya baridi, na fisi kila palipoandikwa mbwa mwitu, na akatuhakikishia kwamba hesabu itakubali. Kwa usomi huo niliingia porini. Palahala, kwa asiyemjua, ni swala mkubwa, dume lake jeusi kama lililopakwa lami, tumbo jeupe, na pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma kama mundu. Wageni walikuja kutoka mbali kwa ajili ya pembe hizo. Kila mwaka kituo kilijaza fomu ya idadi ya wanyama, na makao makuu yalisoma fomu hiyo yakatoa mgawo, yaani madume mangapi wenye kitalu cha uwindaji wangeruhusiwa kuwaua msimu unaofuata. Fomu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza iliuliza kuna wanyama wangapi wa kuwindwa. Ya pili iliuliza kuna wala nyama wangapi wanaowapunguza, ili mgawo wa bunduki usijumlishwe juu ya mgawo wa meno. Lilikuwa wazo zuri. Sijawahi kuona wazo zuri likitendewa vibaya kama lile.

Kuhesabu kulifanyika mwisho wa kiangazi, mito ikiwa imekauka na wanyama wamebaki na malambo matatu: la kaskazini, la kati, na la Mgungani. Kwa kuwa gari lilikuwa moja na Bwana Nkwabi alitaka kushuhudia mwenyewe, tulihesabu lambo moja kila siku. Wafuata nyayo walijificha kabla ya mapambazuko, kila mmoja na makopo yake, na kwa kila palahala aliyekuja kunywa walitia punje moja ya mahindi kwenye kopo kubwa. Kwa kila fisi walipaswa kutia punje moja kwenye kopo dogo, la nyanya. Saa nne gari lilikuja kuwachukua likiunguruma, kundi likatimka, nasi tukarudi bwaloni kumwaga punje mezani. Siku ya kwanza, kaskazini, zilikuwa ishirini na tatu. Siku ya pili, lambo la kati, ishirini na mbili. Siku ya tatu, Mgungani, ishirini na tatu. Bwana Nkwabi alijumlisha kwa penseli, akatabasamu, akaandika sitini na nane. Mama Limi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisubiri, alisema kwamba Serikali ikishamaliza kusoma mahindi yake imrudishie, maana maji yamechemka.

Makopo madogo yalirudi matupu siku zote tatu. Niliuliza sababu, nikidhani ni uvivu, kwa kuwa kila siku kwenye matope ya malambo nilikuwa nimeona nyayo za fisi juu ya nyayo za fisi. Aliyenijibu alikuwa Shija, mkubwa wa wafuata nyayo, mtu wa miaka kama arobaini, mwembamba, asiyeinua sauti, ambaye binti yake alikuwa akisoma sekondari Masumbwe kwa ujira wa kazi hii. Aliniambia fisi wa pale si wa Serikali. Wengine walikuwa wameonekana na shanga shingoni, wengine wamenyolewa alama pajani. Wale walikuwa mali za watu, na watu wenyewe hawakuwa wa kuchezewa. Mtu akimhesabu ng'ombe wa mwenzake bila ruhusa anatafuta ugomvi, sembuse akihesabu wale. Alinieleza haya bila aibu, kama anayemweleza mgeni upande wa kuingilia nyumbani. Kisha, kwa kuwa aliona kweli nilitaka kujua, akaongeza kwa upole akitazama pembeni: "Ila mali za watu ni nyingi mwaka huu, Digrii. Ni nyingi kupita kawaida."

Mtu mwenye akili angesikia katika maneno yale taarifa bora kuliko zote zilizowahi kutolewa juu ya fisi wa pori lile. Mimi nilisikia ushirikina. Nilicheka, si kwa sauti, na kwenye sehemu ya pili ya fomu nikaandika sifuri, kwa mwandiko mzuri, nikijiona mwanasayansi aliyekataa kupokea ushahidi usiopimika. Bwana Nkwabi aliifurahia sifuri ile. Alikuwa na stashahada, alikuwa mzee wa kanisa, na alikemea mambo ya kishirikina kila Jumapili chini ya jicho la kioo. Lakini katika miaka yake yote kituoni hakuwahi kuandika fisi hata mmoja, na niliwahi kumwona akizunguka mbali ili asikanyage kinyesi chao cheupe. Alichofanya ni kuivalisha hofu yake lugha ya ofisi. Chini ya sifuri yangu aliongeza sentensi moja: hakuna tishio la wala nyama katika eneo. Nimesoma sentensi nyingi za kitaalamu tangu wakati ule, nyingine nimezitunga mwenyewe, na kila ninapokuta iliyonyooka na safi namna hiyo huwa najiuliza aliyeiandika alikuwa akiogopa nini.

Jioni ya siku ya tatu Shija alinikuta nikisafisha darubini. Aliniambia kundi lilikuwa moja. Kulikuwa na jike aliyevunjika pembe ya kushoto. Alimwona kaskazini, akamwona lambo la kati, akamwona Mgungani. Gari lilipowatimua kwenye lambo moja walikimbilia jingine, nasi tukawakuta huko kesho yake, tukawahesabu upya, tukawatimua tena. Yule mmoja aliyepungua siku ya pili alikuwa ndama aliyejilaza vichakani. Sikuhitaji kumwuliza kama ana hakika. Nami nilikuwa nimemwona jike yule, siku mbili kati ya tatu, na katika daftari langu nilikuwa nimemchora, pembe na yote. Nilikuwa tu sijataka kuyaweka pamoja.

Asubuhi iliyofuata fomu ilikuwa mezani ikisubiri saini yangu, na naomba msomaji asidhani kwamba niliwekewa bunduki kisogoni. Nilimwambia Bwana Nkwabi kwamba nina wasiwasi kidogo. Aliacha kula. Aliuliza wasiwasi huo umetoka wapi, nami, ambaye ningeweza kufungua daftari langu nikaonyesha mchoro, nikajibu kwamba Shija anasema kundi ni moja. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nimemtoa mtu sadaka. Au nilijua, kwa namna ambayo mtu anajua kwamba mlango uko wazi bila kugeuka kuutazama. Shija aliitwa. Alisimama pale penye mwanga wa mlango, kofia mkononi.

"Eti umemwambia Digrii kwamba mimi sijui kujumlisha?" Nkwabi alimwuliza.

"Kujumlisha umejumlisha vizuri, mkuu. Mimi nimesema kundi ni moja."

"Moja. Sawa." Akanigeukia. "Na wewe msomi, tuliyeletewa na Serikali, unasemaje? Ni moja au ni matatu?"

Nyuma ya ukuta wa matete mwiko wa Mama Limi uliacha kukoroga. Nikasema: "Kitaalamu, siwezi kuthibitisha kwamba ni wale wale."

Sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu. Nisingeweza kuthibitisha, kwa kiwango ambacho vitabu vyangu vilidai, kwamba jike aliyevunjika pembe ya kushoto siku ya Jumatatu ndiye aliyevunjika pembe ile ile siku ya Jumatano. Leo nafundisha mbinu za kuhesabu wanyamapori kwa vijana ambao wana umri niliokuwa nao wakati ule, na nimegundua kwamba hakuna kitu kinachowavutia upesi kama ustadi huu wa kusema kweli ndogo ili kuikwepa kubwa. Wanaujua kabla sijawafundisha. Shija alinitazama, si kwa hasira, bali kwa udadisi, kama anavyomtazama mnyama aliyefanya jambo asilolitarajia. Nkwabi alimwambia kwamba mkataba wake, uliokuwa ukiisha mwisho wa mwezi, hautaongezwa, kwa kuwa kituo hakihitaji wafuata nyayo wanaohesabu makundi badala ya wanyama. Nikatia saini.

Baada ya Shija kutoka, Bwana Nkwabi alinisogezea sahani ya michembe, akanieleza mambo kwa sauti ya baba. Ni haki niyaandike, kwa sababu hayakuwa ya kijinga, na dharau yangu kwake ingekuwa rahisi mno kama yangekuwa ya kijinga. Alisema tukiandika ishirini na tatu tena, kama mwaka uliotangulia, makao makuu yatafuta mgawo. Mgawo ukifutwa, wenye kitalu wataondoka. Wakiondoka, gari litaondoka, na kituo kitafungwa. Kituo kikifungwa, wenye ng'ombe wataingia kutoka mashariki na wachimba dhahabu kutoka kaskazini, na mwaka mmoja baadaye hatakuwepo palahala wa kubishania. "Unataka kuwa mkweli au unataka wanyama?" aliniuliza. Nilimwona mtu mwenye busara ya kazi. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba swali lake lilikuwa na jibu la tatu, nalo ni kwamba tusingepata ukweli wala wanyama, na kwamba yeye alilijua, kwa kuwa alibakiza miaka michache tu kustaafu, na miaka hiyo ndiyo aliyokuwa akiihesabu. Nilikula michembe. Ilikuwa mizuri. Mama Limi alipokuja kuondoa sahani hakuniita Digrii wala jina jingine lolote, na kwa wiki nzima alinipakulia chakula changu mwisho, kikiwa kimepoa. Ndiye mtu pekee kituoni aliyenipa adhabu.

Shija aliondoka kwa baiskeli, godoro limefungwa nyuma, kuelekea machimbo ya upande wa Masumbwe. Mgawo ukaja mkubwa, kama ilivyostahili sitini na nane wasio na adui.

Wageni waliletwa na ndege ndogo mpaka uwanja wa ndege wa Ibadakuli, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwapokea, nikiwa nimevaa sare iliyopigwa pasi na Mama Limi, pasi yenye chuki kiasi kwamba mikunjo yote ilikuwa mahali pasipo pake. Sitaeleza sura zao. Walikuwa watu wa kawaida waliolipia ushujaa na kutaka kuupata kwa wakati. Sheria inakataza kumpiga mnyama karibu na maji, na sheria inataka afisa wa wanyamapori awepo kuhakikisha hilo. Afisa nilikuwa mimi. Dume la kwanza lilipigwa likiwa limeinama lambo la kati, mbali kutoka majini kwa hatua ambazo mtoto angeziruka. Mwenye kitalu aliniuliza kwa adabu kama pale ni mbali vya kutosha. Nikasema panatosha. Alinipa mkono. Dume la pili na la tatu yalipigwa Mgungani katika siku mbili, na la nne lilijeruhiwa likapotelea vichakani, na hakuna aliyeweza kulifuata, kwa kuwa aliyejua kulifuata alikuwa chini ya ardhi na nyundo mkononi.

Vuli haikunyesha. Nilikuwa na hakika, kwa mujibu wa vitabu, kwamba palahala watakaokufa watakuwa wale ambao kiangazi kingewaua hata hivyo. Kilichotokea hakikuwamo vitabuni, ingawa mchungaji yeyote wa mbuzi angekitabiri. Waliobaki walijifunza kwamba mchana penye maji pana bunduki, wakaacha kunywa mchana. Wakawa wanakuja gizani. Na giza lilikuwa la wale wa kopo dogo, niliowaandikia sifuri. Kila asubuhi nilikwenda malamboni peke yangu na kusoma matope, kazi ambayo sasa ilinibidi nijifunze mwenyewe: hapa alisimama akisita, hapa akanywa, hapa alikimbia kwa miguu minne iliyoteleza, na hapa palikuwa na kwato ndogo, kipande cha ngozi cha rangi ya udongo, na nyayo za fisi zimetapakaa pande zote, nyingi kupita kawaida. Ndama waliisha kwanza. Kisha majike. Siku moja nilimkuta yule wa pembe ya kushoto, au tuseme niliikuta pembe. Nikiwa nimechutama pale nilijisikia nikisema kwa sauti kwamba sasa nathibitisha. Hapakuwa na mtu wa kunisikia, na ndiyo sababu nililisema.

Nilipomweleza Bwana Nkwabi alitikisa kichwa kwa huzuni halisi, akasema mwaka huu Mungu ametujaribu kwa ukame. Nikasema fisi. Akasema kwa mujibu wa kumbukumbu zetu eneo halina fisi. Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa akitania, alikuwa akifungua fomu mpya, kwa sababu mwaka ulikuwa umetimia na wakati wa kuhesabu ulikuwa umerudi. Tulihesabu malambo yote matatu, siku tatu, kwa makopo yale yale. Mama Limi alipewa mahindi yake siku ileile, yote, kwa kuwa hakuna punje hata moja iliyoingia kopo kubwa. Na kama kwamba hilo halitoshi, ikaja barua kwamba wakubwa watatu kutoka makao makuu watafika kujionea kundi lililoongezeka mara tatu, kwa kuwa walitaka vituo vingine vijifunze kutoka kwetu.

Hapo ndipo Bwana Nkwabi alipomkumbuka Shija. Alinituma machimboni na gari, na ujumbe ulikuwa mwema: arudi, amtafutie palahala popote walipo, na safari hii atapewa ajira ya kudumu, si mkataba wa mwaka. Nilimpata mchana, kwenye uwanja wa vumbi uliojaa mashimo wanayoyaita maduara, kati ya kelele za mashine za kusaga mawe. Walimwita kwa kupiga kelele ndani ya shimo. Alipanda taratibu kwa kamba na magogo, akatokeza akiwa mweupe wa vumbi toka nywele hadi vidole. Nilimwambia shikamoo. Sikuwahi kumwambia hivyo kituoni, ingawa angeweza kuwa mjomba wangu. Alipangusa mdomo kwanza, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Mama Limi, kisha akaketi juu ya kiroba cha mawe kusikiliza. Nilimweleza yote, bila kupunguza: madume, matope, ndama, fomu mpya. Nilimweleza ajira ya kudumu. Nilijua kutoka kwa Mama Limi kwamba binti yake alikuwa nyumbani tangu muhula uliopita. Nikamwuliza kama, kwa maoni yake, wamekwisha wote.

"Wapo," alisema. "Si wengi. Wamehama."

"Umewaona?"

"Nimewaona mwezi uliopita nikienda nyumbani. Wamepata mahali."

Nilimwuliza ni wapi. Ndani ya pori au nje, upande gani. Wenzake wawili walikuwa wamekaa karibu wakila mihogo, wakisikiliza bila kujificha. Shija alijipangusa vumbi vidoleni, kimoja kimoja. Nilidhani anapima ajira. Huenda alikuwa akiipima. Asingekuwa mtu kama hakuipima.

"Nikikuonyesha," alisema mwisho, "utawahesabu."

Nilimwambia kwamba safari hii nitahesabu sawasawa. Nilisema kwa uchungu, na nilimaanisha. Nilisema nitaandika kundi moja kuwa moja, na fisi nitawaandika wote, wenye shanga na wasio na shanga.

"Najua," alisema, bila kejeli, jambo lililonichoma zaidi. "Wewe unajua kuhesabu." Kisha akasimama, akafunga kitambaa kichwani, akanipa salamu za kumpelekea Mama Limi, akaishika kamba akashuka tena shimoni. Mmoja wa wala mihogo aliniuliza kama wanyama hao wana dhahabu tumboni, maana haoni sababu nyingine ya gari la Serikali kuja mpaka pale. Mwenzake akamwambia aache kumsumbua mgeni.

Nilirudi kituoni nikamwambia Bwana Nkwabi kwamba nimempata Shija, kwamba amekataa kazi, na kwamba hajui palahala walipo. Alinitazama sana. Alijua ninadanganya, kwa kuwa mwongo mzoefu humtambua mwanafunzi, lakini alikuwa amekwisha kunifundisha mwenyewe kwamba kitu kisichothibitishika hakipo. Wakubwa walikuja. Walionyeshwa kuro sita, swala wa aina nyingine kabisa, wakiwa mbali sana, kwenye mawimbi ya joto la saa saba, wakaambiwa hao ni palahala majike na kwamba madume yana haya. Mmoja aliniuliza kama ni kweli. Nikamwazima darubini yangu. Alitazama kwa muda, akashukuru, akaandika.

Katika mwaka ule nilisema kweli nyingi za kitaalamu, na kila moja iliua. Uongo nilisema mmoja tu kwa hiari yangu, na ndio tendo pekee la mwaka ule ambalo ningelirudia. Walikuwa wangapi, sijui. Walihamia wapi, sijui. Nimepita njia zile mara nyingi tangu wakati ule, kwa kazi na kwa mazishi, na sijawahi kumwuliza mtu.